Saa Kabla ya Dawa: MaikroRNA na Jeraha la Ugwe wa Mgongo

Mwaka 1990 madaktari wanaopokea majeruhi wa ugwe wa mgongo walipata hatimaye dawa ya kushika mkononi. Utafiti wa Marekani uliojulikana kwa kifupi kama NASCIS II, ulioongozwa na Michael Bracken wa Chuo Kikuu cha Yale, ulitangaza kwamba methiliprednisoloni, steroidi inayotuliza inflamesheni (moto na uvimbe unaowashwa na seli za kinga), ikitolewa kwa dozi kubwa ndani ya saa 8 tangu kuumia, humrudishia mgonjwa sehemu ya nguvu na hisia. Dawa ikaenea haraka katika hospitali za nchi nyingi. Kilichosemwa kwa sauti ya chini ni kwamba wagonjwa wote walipojumlishwa pamoja, tofauti haikuonekana. Faida ilijitokeza pale tu walipotengwa wale waliowahi.

Mwaka 2004 ukaja utafiti mwingine, CRASH, uliohusisha watu zaidi ya 10,000 walioumia kichwa. Waliopewa dawa ile ile walikufa wengi kuliko wasiopewa: asilimia 21 dhidi ya 18 katika wiki mbili za mwanzo. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari wa Marekani wa upasuaji wa neva ukasema dawa hiyo isitumike kwa jeraha la ugwe. Mwaka 2017 jopo jingine la wataalamu likairudisha nusu mlangoni: inaweza kutolewa kwa hiari, ndani ya saa zile zile 8. Zaidi ya miaka 25 ya mabishano juu ya dawa moja, na mgonjwa yuko palepale kitandani.

Naikumbuka historia hii kila ninaposoma habari za maikroRNA, vipande vifupi mno vinavyopunguza kazi ya jeni ndani ya seli, na ugwe wa mgongo, kwa sababu hamu ni ile ile: kupata kitu kimoja cha kuchoma sindano ili uvimbe utulie na miguu iamke. Nina matumaini makubwa na molekuli hizi, pengine kuliko jambo lingine lolote katika tiba ya ugwe. Lakini nadhani tunazikimbilia kutoka mlango usio wake. Kabla ya kuwa dawa, maikroRNA ni saa. Zinaonyesha jeraha limefika wapi, na hilo ndilo hasa lililokosekana mwaka 1990.

Tuanze na jeraha lenyewe. Ugwe wa mgongo ni kamba laini ya neva, nene kama kidole chembamba, inayoteremka ndani ya pingili za uti wa mgongo. Pingili ikivunjika au kuhama, ugwe hubanwa au kukwaruzwa, na katika sekunde hiyo seli kadhaa hufa papo hapo. Hakuna dawa ya kuirudisha sekunde hiyo. Balaa kubwa, hata hivyo, huja baadaye. Mishipa midogo ya damu huvuja, tishu huvimba ndani ya mfereji wa mfupa usiotanuka, kemikali za kupitishia taarifa humwagika kupita kiasi na kuua seli zilizokuwa zimesalimika. Kwa saa, siku na wiki zinazofuata, jeraha hutambaa juu na chini kutoka pale lilipoanzia. Wataalamu huliita jeraha la pili, na ndilo linalowapa watafiti matumaini, maana kitu kinachotokea polepole kinaweza kuwahiwa.

Inflamesheni ndiyo injini ya jeraha hilo la pili, na ina ratiba. Maikroglia, seli za kinga zinazoishi ndani ya ugwe wenyewe, huamka katika dakika za mwanzo. Nyutrofili, seli nyeupe kutoka kwenye damu, huingia ndani ya saa chache na kufikia kilele karibu na siku ya kwanza. Baadaye, kuanzia takriban siku ya tatu, huingia makrofaji, seli za kinga zinazokula mabaki, kwa wingi, na nyingine hukaa kwa wiki nyingi. Seli hizi hutoa protini za kuchochea kama TNF-alfa na IL-1 beta, na sumu zenye oksijeni zinazounguza jirani yeyote. Wakati huo huo ndizo zinazokula mabaki ya mayelini, ala ya mafuta inayozungushia nyuzi za neva, uchafu ambao ukiachwa huzuia nyuzi za neva kuota tena. Anayeharibu na anayesafisha ni seli zile zile.

Mgongano huo uliwahi kugawa maabara mbili zenye heshima. Mwaka 1998 kundi la Michal Schwartz katika Taasisi ya Weizmann, Israeli, liliripoti kwamba panya waliopandikizwa makrofaji zilizoamshwa walipata nafuu. Mwaka uliofuata kundi la Phillip Popovich, Marekani, likaripoti kwamba panya walioondolewa makrofaji zitokazo kwenye damu ndio waliopata nafuu. Msomaji wa haraka atadhani mmoja wao alikosea. Mimi nadhani kila mmoja aligusa saa yake. Makrofaji za siku ya tatu na makrofaji za mwezi wa pili hazifanyi kazi moja, na makrofaji zilizoandaliwa nje ya mwili hazifanani na zile zilizojikuta ghafla katikati ya damu iliyoganda na mayelini iliyopasuka.

Sasa tuingie kwa maikroRNA. Mwaka 1993 Victor Ambros na Gary Ruvkun, wakichunguza mnyoo mdogo wenye urefu wa takriban milimita moja, waligundua kwamba jeni iitwayo lin-4 haitengenezi protini yoyote. Hutengeneza kipande kifupi mno cha RNA, molekuli jamaa ya DNA, chenye herufi takriban 22, kinachojibandika kwenye RNA ya jeni nyingine na kuinyamazisha. Kwa miaka saba wengi walidhani ni kioja cha minyoo. Mwaka 2000 kundi la Ruvkun likaonyesha kwamba ndugu yake, let-7, yumo katika wanyama wengi, binadamu akiwemo. Mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Kazi yake inaeleweka kirahisi. Jeni ikitaka protini itengenezwe, hutuma nakala ya maagizo, RNA mjumbe. MaikroRNA hubebwa na protini iitwayo Argonaute, hutafuta mjumbe mwenye mfuatano wa herufi unaoshikana na wake, kisha mjumbe huyo huvunjwa au huzuiwa asisomwe. Mara nyingi haimnyamazishi kabisa, humpunguzia sauti. Na kwa kuwa mfuatano unaohitajika ni mfupi, herufi sita hadi nane tu, maikroRNA moja huweza kupunguza sauti ya wajumbe mamia. Steroidi humwaga ndoo ya maji jikoni. MaikroRNA huchomoa kuni, moja hapa, nyingine pale, mpaka moto ukae kiasi kinachotakiwa.

Tazama miR-155 na miR-146a. Zote mbili huamshwa na ishara ile ile, NF-kB, swichi kuu ya inflamesheni. Lakini zinavuta kamba pande mbili. MiR-155 hupunguza SOCS1 na SHIP1, protini ambazo kazi yake ni kuzuia moto; ukimfunga mzuiaji, moto hupanda. MiR-146a hupunguza IRAK1 na TRAF6, ngazi mbili zinazopeleka habari ya hatari hadi kwenye NF-kB. Ukivunja ngazi, moto hushuka. Mwili umejiwekea, kwa ishara moja, mchochezi na mzimaji. Hapo ndipo ninapoiona akili ya mfumo huu: inflamesheni nzuri huzaliwa ikiwa na mwisho wake ndani yake. Inapokataa kwisha, kama inavyotokea kwenye ugwe, tunapaswa kuuliza ni sehemu gani ya mfumo iliyokwama.

Mwaka 2016 kundi la Andrew Gaudet na Popovich lilichukua panya wasio na miR-155 kabisa na kuwajeruhi ugwe. Panya hao walitembea vizuri zaidi kuliko wenzao, na nyuzi zao za neva ziliota kwa urahisi zaidi. Ni matokeo mazuri sana, na sielewi mtu anayeweza kuyasoma bila kusisimka. Lakini utafiti wa miaka ya nyuma, 2007, ulikwisha kuonyesha kwamba panya wasio na miR-155 wana kinga dhaifu dhidi ya vijidudu. Mtu aliyeumia ugwe wa mgongo, hasa shingoni, hukabiliwa na homa ya mapafu kwa kuwa misuli ya kukohoa imelegea, na maambukizi ya njia ya mkojo kwa kuwa anaishi na mpira wa mkojo. Kumnyima miR-155 kwa siku tatu huenda ni busara. Kumnyima kwa miezi mitatu huenda ni kumwua kwa ugonjwa mwingine. Jibu la utafiti wa panya halisemi ni lini kati ya hizo mbili.

MiR-21 inatatiza zaidi, na ndiyo inayonifundisha mengi. Huwa juu ndani ya astrositi, zile seli zenye umbo la nyota zinazozunguka jeraha na kujenga kovu. Mwaka 2012 maabara ya John Kessler, Chuo Kikuu cha Northwestern, ilitengeneza panya ambao astrositi zao zilikuwa na miR-21 nyingi mno, na wengine ambao miR-21 yao ilifungwa. Ilipoongezwa, astrositi zilipungua unene. Ilipofungwa, astrositi zilinenepa, lakini nyuzi za neva zilizoonekana ndani ya jeraha la muda mrefu ziliongezeka. Nani angetarajia? Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba kovu nene ni ukuta unaozuia nyuzi. Mwaka 2016 maabara ya Michael Sofroniew, Los Angeles, ikaongeza chumvi kwenye kidonda cha nadharia hiyo: panya waliozuiwa kujenga kovu hawakuotesha nyuzi zao. Kovu, kumbe, lilikuwa pia daraja. Na miR-21 hiyo hiyo huonekana kwa wingi katika saratani nyingi, kwa hiyo mtu anayetaka kuiongeza mwilini ana maswali ya kujibu kabla hajaingia wodini.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo maandishi mengi juu ya jambo hili yanapoteleza. Utafiti wa kawaida huenda hivi: panya anajeruhiwa, kipande cha ugwe kinachukuliwa baada ya saa au siku kadhaa, maikroRNA zinapimwa, zinaorodheshwa zilizopanda na zilizoshuka. Kazi ya mapema ya aina hii, iliyotoka mwaka 2009, ilikuta mienendo mitatu kwa panya: zinazopanda, zinazoshuka, na zinazopanda saa 4 baada ya jeraha kisha kushuka siku ya kwanza na ya saba. Nimeipenda kazi ile kwa sababu iliweka muda mbele. Lakini fikiria maana ya kupanda na kushuka katika tishu iliyojeruhiwa. MiR-223 hupanda katika saa za mwanzo. MiR-223 ni maikroRNA inayojaa ndani ya nyutrofili. Je, ugwe umeamua kuitengeneza, au nyutrofili zimeingia zikiwa nayo mifukoni? MiR-124 hushuka. MiR-124 hujaa ndani ya nyuroni, yaani seli za neva. Je, imezimwa, au nyuroni zilizokuwa nayo zimekufa?

Tofauti hiyo si ya kifalsafa. Kama miR-124 imezimwa ndani ya seli hai, kuirudisha kunaweza kusaidia, na kuna sababu ya kutumaini: mwaka 2011 ilionyeshwa, katika ugonjwa wa panya unaofanana na skilerosisi ya sehemu nyingi, kwamba miR-124 hutuliza maikroglia na makrofaji. Lakini kama imeshuka kwa kuwa wenyewe wamekufa, basi kipimo kile kilikuwa sensa ya watu waliobaki kijijini. Hakikuwa taarifa ya ugomvi uliowaua. Kumwagia kijiji barua za waliokufa hakutawarudisha. Teknolojia za kupima seli moja moja zimeanza kutenganisha mambo haya, na naamini orodha nyingi za miaka iliyopita zitahitaji kusomwa upya kwa jicho hilo.

Ajabu ni kwamba kinachoiharibu maikroRNA kama ushahidi wa chanzo ndicho kinachoifaa kama saa. Ikiwa miR-223 inasema "nyutrofili zimefika" na miR-124 inasema "nyuroni zimepasuka", na zote mbili zinavuja hadi kwenye damu na kwenye maji ya uti wa mgongo, basi tuna njia ya kusikia kinachoendelea mahali ambapo hatuwezi kukata kipande na kutazama. MaikroRNA hustahimili vizuri kwenye damu kwa sababu husafiri zikiwa zimefungwa ndani ya vifuko vya mafuta au zimeshikwa na protini. Watafiti wa British Columbia, Kanada, walianza na nguruwe, kisha wakapima watu, na mwaka 2019 wakaripoti kwamba maikroRNA katika maji ya uti wa mgongo na katika seramu, maji ya damu yaliyotengwa na chembe zake, huakisi ukali wa jeraha la binadamu. Kuna tahadhari za kimaabara, moja kubwa: chembe nyekundu za damu zikipasuka kwenye bomba, humwaga maikroRNA zao na kuvuruga hesabu. Hizo ni kasoro za kushughulikiwa kwa nidhamu.

Kwa nini nasisitiza kipimo kuliko dawa? Kwa sababu leo ukali wa jeraha hupimwa kwa mikono. Daktari hugusa ngozi kwa pini na pamba, humwomba mgonjwa asogeze misuli fulani fulani, kisha humpa daraja kuanzia A hadi E. Ni kipimo kizuri, mgonjwa akiwa macho na ametulia. Lakini saa za mwanzo mgonjwa ana dawa za usingizi, au ameumia kichwa, au pombe haijamtoka, au ugwe wake umezimika kwa mshtuko wa muda. Na miongoni mwa wanaopewa daraja A siku ya kwanza, wapo wanaopanda wenyewe bila tiba yoyote. Ukijaribu dawa kwa watu kama hao, hujui aliyepona alipona kwa dawa au alikuwa wa kupona. Ili faida ndogo ionekane katikati ya kelele hiyo, unahitaji wagonjwa wengi mno, na wagonjwa wa aina hii hawapatikani kwa wingi mahali pamoja. Kipimo cha damu kinachowatenganisha siku ya kwanza kingezifanya tafiti ndogo ziwe na maana.

Upande wa dawa si jangwa. Samaki wa zebrafish hukatwa ugwe na kuogelea tena, na miR-133b ni mojawapo ya vitu wanavyohitaji. Salamanda aina ya aksolotli huunganisha ugwe uliokatwa kabisa. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kiwango cha miR-125b kinapaswa kuwa sahihi kabisa baada ya jeraha ili hilo litokee, na panya walioongezewa miR-125b walipata nafuu fulani. Njia ya kufikisha dawa ya aina hii kwenye ugwe ipo: tangu mwaka 2016 watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli kutokana na neva za ugwe huchomwa nusineseni mgongoni, nayo si maikroRNA, ila ni kipande kifupi kinachojibandika kwenye RNA kwa njia inayofanana nazo. Dawa inayofunga miR-122 ya ini ilijaribiwa kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C na kupunguza virusi. Wapo pia wanaotumia eksosomu, vifuko vidogo vinavyotolewa na seli shina, kubebea maikroRNA.

Lakini mwaka 2016 jaribio la MRX34, nakala ya miR-34a iliyokuwa ikitolewa kwa wagonjwa wa saratani, lilisimamishwa baada ya madhara makali ya mfumo wa kinga, na wagonjwa wanne walifariki. Molekuli iliyokusudiwa kutuliza uvimbe wa saratani iliamsha inflamesheni mwilini. Kwa mtu ambaye ugonjwa wake mzima ni inflamesheni isiyojua kukoma, hiyo ni habari ya kusomwa mara mbili.

Na panya nao tuwatazame kwa haki. Majaribio mengi hutumia panya majike, kwa sababu kibofu chao ni rahisi kukamuliwa baada ya kupooza, ilhali majeruhi wengi wa ugwe ni wanaume. Panya wengi hujeruhiwa kifuani, ilhali watu wengi huumia shingoni. Panya wadogo wa maabara hawapati uwazi wenye maji ndani ya jeraha kama watu wapatavyo. Na dawa mara nyingi huingizwa dakika chache baada ya jeraha, wakati binadamu bado angekuwa barabarani akisubiri kubebwa.

Kuna jambo linaloniuma kuhusu eksosomu hizo. Zahanati za kibiashara zimekwisha kuziuza kwa watu waliopooza, kwa bei za kuvunja familia, bila ushahidi wa majaribio yenye kundi la kulinganisha. Anayeziuza hutaja maikroRNA kama uthibitisho. Mtu aliyepooza miaka miwili hana saa 8, hana nyutrofili za siku ya kwanza, wala dhoruba ya makrofaji za wiki ya kwanza. Jeraha lake liko katika msimu mwingine, na hata matokeo mazuri ya panya hayakupimwa katika msimu huo. Kumchukulia fedha kwa jina la sayansi hii ni kumwibia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la ugwe wa mgongo. Kinachowaokoa leo kinajulikana: kuondoa mgandamizo kwa upasuaji mapema, ikiwezekana ndani ya saa 24, kugeuzwa kitandani ili vidonda vya kulalia visipate nafasi, kutunza kibofu kwa usafi, mazoezi ya viungo kwa miezi mingi. Kila fedha inayokwenda kwenye maikroRNA isiwe imechomolewa hapo.

Kama ningepewa nafasi ya kupanga utafiti mmoja, ungekuwa wa kuchosha. Kila mgonjwa anayefika hospitali shiriki angetolewa damu saa 6 baada ya kuumia, saa 24, saa 72, siku ya 7 na siku ya 28, na pale anapowekewa mrija wa maji ya uti wa mgongo, maji hayo pia. Hakuna dawa ya majaribio. Bomba zote zingepimwa kwa njia moja, na baada ya mwaka angeulizwa: anahisi nini, anasogeza nini, anakaa mwenyewe au la. Kutoka hapo tungejua kwa nani moto ulikataa kuzimika, na ulikataa kuanzia siku gani. Daktari anayeulizwa na mama wa kijana, usiku wa kwanza, kama mwanawe atatembea, angekuwa na kitu cha kutazama zaidi ya pini na pamba.